Herufi Niliyoitoa kwenye Koti

Hili nalisema kwa aibu. Mimi ni fundi cherehani hapa La Rochelle, Ufaransa. Mwalimu Nora, mama wa Ayalandi aliyetufundisha Kiingereza sisi Wakongomani kanisani, alipofariki, mdogo wake alikuja kumzika. Akaniletea koti la marehemu na karatasi yenye maneno mawili ya lugha ya kwao: *mo chóta*, yaani koti langu. Alitaka niyatarizi ndani ya kola, kisha koti lilazwe juu ya jeneza.

Neno la pili nililitambua: ni lile lile *coat* la Kiingereza. Nikadhani mama wa watu, kwa majonzi, amechomeka herufi h bila kujua. Nikaitoa.

Siku ya ibada alilikunjua koti mbele ya waombolezaji, akapitisha kidole juu ya uzi, kikasimama.

“Fundi, h iko wapi?”

“Nilikusahihishia, Mama,” nikajibu kwa sauti, nikitegemea shukrani.



“Neno tulilichukua kwa Waingereza, kweli,” akasema taratibu. “Lakini kwetu likifuata *mo*, lazima liwe na h. Nora ndiye aliyenifundisha, tukiwa watoto.”