Kurasa Sitini na Nane za Baba Mkwe

Kompyuta yangu ilikuwa imefikia hali ya kutia aibu. Nikiiwasha, nilipata muda wa kuosha vyombo vya asubuhi na kuanika nguo za watoto, nikirudi naikuta bado inazungusha kile kiduara chake. Miaka hiyo nilikuwa nachapa kazi za watu katika chumba cha mbele cha nyumba yetu, Kamembe: barua za kuomba kazi, mialiko ya harusi, na tasnifu za wanafunzi waliovuka mpaka wa mto kutoka Bukavu na flashi zilizojaa virusi. Kila flashi iliacha uchafu wake ndani ya mashine, mwenyewe akaenda zake.

Fundi wa kompyuta, mama mmoja wa Gihundwe, aliitazama akatikisa kichwa.

"Maman, hii haina dawa tena. Tuifute yote, tuweke mfumo mupya. Uniachie siku tatu."

Siku tatu sikuwa nazo. Isitoshe, nilikuwa nimemwona akiifanya kazi hiyo kwenye mashine za wengine, na sidii, ile diski ya kuwekea mfumo, nilikuwa nayo kabatini. Nikamwambia nitafikiria. Kumbe nilishaamua kuifanya mwenyewe. Hadi leo nikikumbuka nilivyojiamini natamani kujizaba kofi.

Kazi za wateja hazikunitia wasiwasi sana, maana nyingi zilikuwa zimeshachukuliwa. Kilichokuwa muhimu ni kitabu cha baba mkwe wangu. Mzee alikuwa ameshona nguo za watu maisha yake yote, na macho yalipochoka akaamua kuandikisha habari za ukoo wao: nani alizaliwa wapi, nani alivuka mto Rusizi na kwa sababu gani, nani amezikwa upande upi. Kila Alhamisi baada ya swala ya adhuhuri alikuja, akavua viatu, akaketi nyuma yangu na kuanza kusema. Nami nilichapa. Aliniambia hata mahali pa kuweka nukta. Akisikia nimeacha kubonyeza, aliuliza kama nimelala. Tulikuwa tumefika kurasa sitini na nane. Nilimwomba mara nyingi tuzitoe kwenye karatasi, akakataa: kitabu hakitolewi kabla hakijaisha.

Basi, Jumatatu moja asubuhi nikachomeka flashi. Nikachagua kila kitu kilichoonekana kwenye kioo cha kompyuta, nikanakili, nikabandika. Iliisha kabla sijameza mate. Kazi ya miaka miwili kuhama kwa muda wa kumeza mate, na mimi, mwenye akili zangu timamu, nikaona ni dalili njema! Nikaingiza sidii, nikakubali kufuta kila kitu. Mashine iliniuliza kama nina hakika. Ikaniuliza tena. Nikaijibu ndiyo kwa hasira, kama muntu anayesumbuliwa mlangoni.

Ilipofika zaidi ya nusu, umeme ukakatika. Uliporudi nikaanza upya. Ukakatika tena. Mara ya tatu ikafika mwisho, nikashangilia peke yangu chumbani, nikafungua ukurasa nichape neno la kwanza. Nikaandika "salamu". Kiooni ikatokea "sqlq;u". Nilikuwa nimechagua mpangilio wa herufi wa Kiingereza, na vibonye vyangu ni vya Kifaransa. Nilihangaika hadi adhuhuri kutafuta mahali pa kurekebisha, huku mteja aliyekuja kuchapiwa barua akinisimamia na kusema, "Maman, andika tu hivyo hivyo, bataelewa."

Ndipo nikachomeka flashi. Majina yote yalikuwepo, yamejipanga vizuri. Nikabonyeza kitabu cha Mzee. Mashine ikasema haikioni kitu hicho. Nikabonyeza tasnifu moja: haikioni. Nikabonyeza vyote kimoja kimoja, nikabonyeza tena, kwa nguvu zaidi, utadhani shida ilikuwa kidole. Nilichokuwa nimenakili ni zile picha ndogo za kufungulia tu, njia za mkato. Mafaili yenyewe yalikuwa ndani, mahali pengine, na mimi nilikuwa nimeyafuta kwa mkono wangu baada ya kuulizwa mara mbili.

Mume wangu aliporudi alinikuta nimekaa sakafuni.

"Lakini si ulisema umeshaviokoa?" akauliza.

Nikainuka, nikaenda jikoni. Kuna maswali ambayo ndoa inakuwa salama zaidi yakiachwa bila jibu.

Kesho yake nilibeba mashine kwa moto, ile pikipiki ya abiria, hadi Gihundwe, nimeikumbatia kifuani kama mtoto mgonjwa. Yule mama fundi hakunicheka, na hilo lilinikera kuliko kama angecheka. Alitumia siku mbili nzima kuchimbua. Alichokipata ni mialiko ya harusi. Yote! Mialiko ya watu ambao tayari walikuwa na batoto babili, mingine ya watu walioachana, ilirudi mizima na maua yake pembeni. Kitabu cha Mzee hakikurudi hata mstari.

Alhamisi akaja. Akavua viatu, akaketi. Nikamwambia bila kugeuka, kwa sababu usoni nisingeweza.

"Papa, kitabu kimepotea."

"Kimepotea namna gani?"

"Nilikuwa naitengeneza mashine. Nikakosea. Nilikifuta."

Sauti yake ikapanda.

"Muntu anapotea. Mbuzi inapotea. Maneno niliyokupa weye mwenyewe, ndani ya nyumba yako, yanapotea namna gani?"

Nilitaka kumwambia kwamba tungekuwa na karatasi kama si ukaidi wake. Neno lilifika kwenye meno. Lakini ni baba mkwe, na kosa lilikuwa langu. Nikalia. Akavaa viatu akaondoka, na Alhamisi iliyofuata hakuja.

Baada ya wiki mbili alirudi, akaketi palepale, akasema, "Andika." Nikaandika. Alipofika kwa dada yake mkubwa, vidole vyangu vilikuwa vimeshatangulia, maana sehemu hiyo niliijua: alikufa akiwa mchanga.

"Futa," akasema. "Hakukufa."

Nikageuka kumtazama. Alikuwa anatazama sakafu.

"Eko Bukavu. Aliolewa na muntu ambaye baba alimukataa, kisha tukakatazwa kutaja jina lake. Mara ya kwanza nilisema vile baba alitaka tuseme. Sasa andika."

Nikaandika. Mume wangu alikuwa na miaka arobaini na moja siku alipojua ana shangazi mzima ng'ambo ya mto, mahali pa kwenda na kurudi kabla ya chakula cha mchana.

Ningependa kusema kwamba hapo hasira yangu iliisha. Haikuisha. Kila ukurasa nilikuwa nautoa kwenye karatasi siku ileile, nauweka kwenye flashi mbili, nakala nyingine nampelekea mama fundi, na kila mara Mzee alilalamika kwamba naharibu karatasi. Safari hii zilitoka kurasa hamsini tu, kwa sababu alifupisha kwa makusudi vita vyake na majirani. Kitabu kilipoisha tukakitolea nakala, na mume wangu akavuka na moja, akampelekea shangazi.

Bibi huyo alisomewa kitabu chote na mjukuu wake. Alilia, akamshika mume wangu mikono, akamlisha hadi akashindwa kusimama. Kisha akamrudisha na karatasi iliyoandikwa pande zote mbili, makosa kumi na manne ya kusahihisha, la kwanza likiwa mwaka wake wa kuzaliwa.

Mzee aliisoma ile karatasi kwa taabu, ameisogeza hadi puani, akaitupa mezani kwangu.

"Anasema uongo," akasema. Kisha akavuta kiti. "Fungua kitabu."