Wanasema "Alikuwa Fundi", Naye Yupo Hapo Anasikia

Jina langu mlifiche, ila hasira yangu iacheni wazi. Mimi ni mama wa miaka arobaini na mbili, naishi hapa Rumonge. Mume wangu ni fundi wa kushona. Siku zile za kungoja uhuru, si miaka mingi nyuma, alishonea nusu ya mji mashati ya sherehe. Mwaka huu kiharusi kikampiga, mkono na mguu wa kulia vikalala, mdomo ukaenda upande.

Mwanzoni alilia kama mtoto. Nikachoka kubembeleza, nikamwekea mbele cherehani yake ya mkono. Mimi nazungusha, yeye anaongoza kitambaa kwa mkono wa kushoto. Mshono ulikwenda kombo kama njia ya mbuzi, naye ananifokea: "Polepole we mwanamuke, unakimbia wapi?" Jamani, nilivyofurahi kufokewa! Akaanza kula, akaanza kuuliza habari za sokoni.

Ndipo mdogo wake akaja kutoka Nyanza-Lac kumwona. Alipotukuta tunashona, akapandisha hasira. "Shemeji, haya ni aibu! Kaka iko mugonjwa, muache apumuzike." Akaibeba cherehani, akaipakia kwenye gari, akaenda nayo kwake. Ukoo mzima ukamsifu kwa huruma. Huruma gani hiyo? Mimi ndiye ninayeambiwa namtumikisha mgonjwa!

Tangu siku hiyo mume wangu amegeukia ukuta. Chakula anakirudisha, hata samaki wa mukeke aliyekuwa akimpenda. Wageni wanakaa kitandani pake na kumsema kama hayupo: "Alikuwa fundi huyu, maskini." Alikuwa? Mtu anapumua, masikio mazima, ninyi mnamzika kwa mdomo! Nimewafukuza wawili, sasa naitwa mkorofi. Sawa, mimi mkorofi.

Juzi wageni walipotoka akaniita kwa ulimi wake mzito: "Mama watoto, mi nilisha kufa?" Nilitoka uani nikalia kwa hasira.

Mama zangu, baba zangu, nipeni akili. Niende Nyanza-Lac nikaichukue cherehani kwa nguvu, ukoo uninunie, hata wakitaka niachike? Au ninyamaze nimtazame akiisha? Lakini msiniambie nimwache apumzike. Kutwa mkono wake wa kushoto unanyoosha pindo la shuka, polepole, kama anaongoza kitambaa. Na hakuna anayezungusha.