Kanuni ya Picha

Hebu mwone mama huyu akiingia kikaoni, amekunja uso, hata salamu hana. Kazi yake ya miaka mingi ni kuandika kanuni za kuwawezesha wasioona kutumia tovuti, na leo tovuti ya hospitali inangoja saini yake. Vitufe vyote ni picha. Akawasha programu inayosoma kwa sauti: “Picha. Picha. Picha.”

“Mnanichezea? Asiyeona atajuaje kitufe cha dharura?”

“Dada, kanuni yako inataka kila picha iwe na maelezo. Tumeweka!” fundi akajibu, wenzake wakaangua kicheko. “Hukuandika yawe na maana.”

Kweli, hakuandika.

“Saini au utupishe,” mkuu akafoka.

Wewe ungeitii kanuni uliyoitunga mwenyewe?