Mbwa Aliyepanga Foleni na Mbuzi

Mbwa wa Susu, nyanya yangu wa Kyuso, aliamini kwamba yeye ni mbuzi. Aliletwa akiwa mdogo kabisa, akalazwa katikati ya wanambuzi, na tangu hapo hakuona sababu ya kubadilisha maoni. Ndiyo maana alichunga vizuri. Fisi akikaribia boma, hakuwa analinda mali ya mtu. Alikuwa anatetea ukoo.

Shida ilikuwa Jumamosi za kupulizia dawa ya kupe. Mbuzi walipitishwa mmoja mmoja kwenye mlango wa boma la miiba, mjomba akiwa na pampu mgongoni. Nyuma ya mbuzi wa mwisho alikuja mbwa, ametulia kama mtu aliyewahi foleni ya benki. Mjomba aliinua bomba juu, akafanya "shhh" kwa mdomo, na mbwa akapita ameridhika.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu na kurudi nyumbani kungoja kazi.

"Mbona yeye hapuliziwi?" nilimuuliza mjomba.

"Huyo tunampea upepo tu."

"Lakini ana kupe kuliko mbuzi."

"Ndivyo baba alikuwa anafanya."

Jibu hilo sijawahi kulipenda. Kanisani niliwahi kuuliza kwa nini sadaka hukusanywa kabla ya mahubiri, wakati mtu hajajua kama yatafaa. Kwa hiyo Jumamosi moja mjomba alipopeleka mbuzi wa kuuza sokoni Mwingi na pampu ikawa yangu, niliamua kurekebisha mambo. Niliongeza kifuniko kimoja cha dawa, maana nilikuwa nimesoma kwamba kupe huizoea. Zamu ya mbwa ilipofika, nikamlowesha kuanzia masikio hadi mkia. Alinitazama kwa mshangao, akaenda kivulini, akaanza kujiramba.

Saa sita mchana mbuzi walitoka bila yeye. Alijaribu kuwafuata akitembea kama mtu anayetafuta ngazi gizani, kisha akaketi, akalala, mate yakimtoka. Susu alimshika masikio, akayakuta baridi.

"Umepea mbwa yangu nini?"

Nilianza kumweleza jinsi kupe wanavyoizoea dawa.

"Sijauliza kupe," alisema.

Nikampigia simu muuzaji wa dawa za mifugo pale sokoni. Alicheka kwanza, halafu akaacha.

"Mbuzi hakai chini kujiramba mwili mzima. Mbwa anajiosha na ulimi, sasa hiyo dawa yote ameinywa. Muoshe na sabuni, maji mengi, umkaushe, umfunike. Nitamtuma daktari, lakini usimngoje."

Maji mengi. Susu alikuwa na mitungi sita, iliyoletwa na punda kutoka visima vya mchangani mtoni, na ilikuwa ya chai ya akina mama wa kanisa waliotarajiwa kesho yake. Nilipokuwa bado naihesabu, yeye alikuwa ameshafungua wa kwanza.

"Susu, na wageni?"

"Wageni wako na maji kwao. Shika kichwa."

Tulimaliza mitungi mitano na nusu. Tukamfunga mbwa ndani ya blanketi la wageni, lile ambalo mimi sijawahi kuruhusiwa kulilalia. Jioni daktari wa mifugo alifika kwa pikipiki, akamdunga sindano, akasema kesho ndipo tutajua. Susu alilala kwenye kiti kando yake. Kwa mbuzi wote wale na fisi wote wale, hakuwa na mlinzi mwingine.

Jumapili akina mama walipewa chai nusu kikombe, na katikati ya sebule wakakuta mbwa kwenye blanketi. Susu akaomba mbwa aombewe.

"Mama, mbwa hana roho," mwenyekiti wao alisema kwa upole.

"Yule beberu nilitoa mkanunua mabati ya kanisa, fisi alimfuata mara tatu. Hamkuuliza nani alimwokoa."

Wakainamisha vichwa. Mimi huwa sifungi macho wakati wa maombi, kwa hiyo niliona vizuri. Mwanambuzi mmoja aliingia mlangoni, akapanda juu ya blanketi, akaanza kutafuna kitambaa cha meza. Mbwa alifungua jicho moja. Akainuka akiyumba, akamsukuma kwa pua hadi nje, akaanguka kizingitini, akainuka tena.

"Amina," mwenyekiti alisema, ingawa sentensi yake ilikuwa bado katikati.

Wageni walipoondoka nilitaka tujadili kama ni maji, sindano au maombi, maana vyote vitatu vilikuwa vimechanganywa ovyo.

"Ni swali nzuri," Susu alisema, akanipa kamba ya punda na mitungi. "Lifikirie ukienda mtoni."

Jumamosi iliyofuata pampu ilikuwa kwa mjomba, nami niliambiwa nisimame huko kwenye mihogo. Mbuzi wa mwisho akapita. Mbwa alifika mlangoni, akasimama, akageuza kichwa huku na huku mpaka aliponiona niko mbali. Ndipo mjomba akainua bomba, akafanya "shhh", naye akapita.