Chepkemboi Alicheka Jumapili

Chepkemboi alikuwa jirani yangu huku upande wa Sosiot kwa miaka kumi na mmoja. Shamba lao la chai na letu lilitenganishwa na mfereji tu. Alikuwa mwembamba, mwepesi wa kuchuma majani, na watu walimjua kwa kicheko. Kwanza alinyamaza kama mtu aliyekabwa na kiazi, halafu kikatoka chote mara moja, na hapo alimpiga paja yeyote aliyekaa karibu naye. Mara nyingi paja lilikuwa langu.

Ilikuwa baada ya bonasi ya chai ya mwaka 1993 mume wangu Isaiah aliponunua TV ndogo ya kutumia betri ya gari. Jumapili jioni kulikuwa na vichekesho. Tulimpenda sana yule mzee wa koti la viraka anayemdanganya mke wake kila wiki na kushikwa kila wiki. Majirani walijaa, wengine wakatazamia dirishani, lakini kiti cha kando yangu kilikuwa cha Chepkemboi.

Halafu mume wake Kipkirui akaugua, na Chepkemboi akaacha kuja. Miaka miwili alimwosha, akamlisha uji kwa kijiko, akambeba mgongoni mpaka chooni. Niliona kwa macho yangu. Alipokufa tulimzika kwa nyimbo za kanisa, lakini watu wa boma lao wakashika desturi: mjane akanyolewa kichwa, akaambiwa akae kwake kwa utulivu, asiingie nyumba za watu mpaka nywele ziote.

Wiki ya tatu nilimpelekea maziwa. Nilimkuta ameketi akitazama ukuta, moto umezimika.

"Njoo kwangu Jumapili," nikamwambia. "Isaiah atakuwa kwa mkutano wa kanisa Bomet. Ni mimi na wewe tu."

"Wooi, Mama Janeffer! Na hiki kichwa?"

"Funga kitambaa. TV haikuoni."

Akatabasamu kidogo, na mimi nikarudi nyumbani nikimshukuru Mungu kwa hilo tabasamu.

Alikuja. Mvua ilikuwa imeanza, na vichekesho vilipoingia tu picha ikapotea, ikabaki chengachenga. Kumbe Kiptanui, ndugu ya marehemu, alikuwa akipita na mtungi wa maziwa. Aliniona mlangoni nikihangaika na ule mti wa antena.

"Mama, rudi ndani usilowe. Nitakuzungushia."

Nikarudi. Sikumwambia nina mgeni.

"Imekuja?" akauliza nje ya mabati.

"Bado!"

"Na sasa?"

Picha ikaja, na mzee wa koti yuko chini ya meza, mke wake ameikalia meza hiyo hiyo anakula ndizi pole pole. Chepkemboi akanyamaza. Nilijua kinachofuata, nikataka kumziba mdomo, lakini kikatoka. Akanipiga paja. Kisha kicheko kikageuka kilio, akalala mapajani mwangu akalia mpaka kipindi kikaisha. Nje hakuna aliyeuliza tena kama picha imekuja.

Alhamisi wazee wa kokwet, baraza la kijiji, wakaitwa. Tangu mazishi Kiptanui alikuwa akitaka namba ya chai ya ndugu yake, ile ya kupeleka majani kiwandani na kulipwa, akakosa neno la kushika. Sasa alikuwa nalo.

"Mwanamke anayempenda mumewe anacheka hivyo nywele hazijaota?" akasema. "Mnajua alikuwa anaweka nini kwa ule uji?"

Mzee mmoja akanigeukia. "Mama Janeffer, wewe ni mtu wa kanisa. Alicheka, au hakucheka?"

"Alicheka."

"Kwa nguvu?"

"Kwa nguvu."

Isaiah alikuwa anatazama viatu vyake. Yeye ni shemasi, na nyumba ni yake. Nikajiambia Bwana hawezi kuniadhibu kwa kusema kweli. Hakuna aliyeniuliza ni nani alimwita, wala kama alilia. Chepkemboi alinitazama bila hasira, kama mtu anayengoja mwenzake amalize kuongea. Nikaketi.

Namba ya chai iliandikwa jina la Kiptanui, eti mpaka watoto wakue. Chepkemboi akachukua watoto wake wawili, sufuria na godoro, akarudi kwa mama yake huko Soin, kwenye jua kali, mahali ambapo chai haimei. Alisimama langoni kwetu.

"Mama Janeffer, ile Alhamisi ulikuwa umemaliza kusema?"

Nikamwambia aende na Mungu. Hilo ndilo jibu nililompa.

Sasa ni mwaka wa tatu. Vichekesho bado vinakuja Jumapili, na Kiptanui huja kuvitazama. Hukaa kile kiti cha kando yangu, nami humtilia chai, maana mgeni ni mgeni. Jumapili iliyopita picha ilipotea.

"Mama, imeenda!" akasema, bila kuinuka.

Nikatoka mwenyewe kwa mvua, nikashika ule mti, nikazungusha.

"Imekuja?"

Nilimsikia akicheka, kwa nguvu, ndani ya nyumba yangu. Nikabaki nimeushikilia pale pale, kwa sababu ningeuachilia picha ingepotea tena, na angeniita.