Chini ya Pazia la Kijani

Juzi binti yangu alikuwa anachora mezani. "Mama, rangi hii ya gwashi ni nzito, nikikosea napaka juu yake inafunika. Ile nyepesi ya maji haifichi kitu." Nikakumbuka kwetu Segerea.

Ilikuwa Jumamosi ya kuamkia Pasaka, sebule inanuka dawa ya sakafu, na mie nimepewa kazi ya kufuta vumbi. Ukutani palikuwa na picha aliyoichora baba, mwalimu wa sanaa: yeye, mama, mimi mgongoni mwa mama, na pazia la kijani pembeni. Haikuwa na kioo. Nikaifuta kwa kitambaa kibichi, kama nilivyofuta kabati.

Kijani kikahamia kitambaani. Penye pazia akatokeza mtoto wa kiume, uso umefifia, masikio kama yangu. Nikadhani maji ndiyo yamemchora.

"Mama, njoo umwone!"

Mama alikuja na mwiko mkononi, akakaa palepale kwenye sakafu mbichi. Baba akaleta brashi, akamfunika yule mtoto polepole, kama anayemvutia shuka.

"Hukuona kitu, sawa?"

"Sawa, baba."

Wote wawili nimeshawazika, na picha iko kwangu. Sasa najua gwashi, hata ikikauka miaka, ikiguswa na maji hulainika tena. Kumfunua naweza leo hii. Ila hakuna aliyebaki wa kuniambia anaitwa nani.