Mnyama Aliyeitwa Mdokozi

Harufu ya jasi mbichi ina ubaridi wa kisima na uchungu kidogo wa chaki, na hukaa kooni muda mrefu baada ya kuondoka puani. Ilinipata tarehe 9 Machi 2014 katika nyumba moja ya Al-Rawdah, Jeddah, mafundi walipokuwa wakikoroga ndoo ya jasi ili kuziba dari ya sebule. Nilikuwa nimehamia hapo kutoka Riyadh, nilikoanza kazi za ndani mwaka 2012, mwaka mmoja baada ya kumzika mume wangu. Madam aliniona nimesimama tu na ufagio mkononi, akaniuliza kama naumwa. Nilimjibu kwamba si ugonjwa. Sikumweleza kwamba nilikuwa nimerudi Agosti 1974, na kwamba hasira yangu ilikuwa mbichi kama jasi ile.

Mwaka huo nilikuwa na miaka tisa na sikuwa nimeuona mlango wa darasa. Shangazi yangu Mwanaisha alikuwa na shahada ya elimu ya miamba, jambo ambalo kwetu Malindi lilitajwa kwa sauti ya chini kana kwamba ni maradhi. Alinichukua hadi kaskazini, kwenye kambi ya wachimbuaji wa mifupa ya kale, mahali ambapo upepo hukausha mate mdomoni. Kiongozi wa kambi alikuwa profesa kutoka Ulaya. Alimpa shangazi kazi ya kufunga mifupa kwa vipande vya gunia vilivyochovywa katika jasi, kama mguu uliovunjika, na tena kusimamia jiko. Shahada yake ilibaki sandukuni.

Macho yake hayakubaki sandukuni. Alinifundisha kutofautisha jiwe na mfupa kwa ulimi: jiwe huteleza, lakini mfupa uliogeuka jiwe hunasa, ukauvuta ulimi kama mtoto anavyovuta kanga ya mamaye. Nililamba nusu ya jangwa lile. Mzee Katana, mpishi wetu, alisema nikirudi pwani sitahitaji chumvi tena.

Jumatano ya tarehe 14 shangazi alilamba kipande kimoja kando ya korongo, akapiga magoti. Hadi alasiri, kwa brashi na sindano, alikuwa amefukua taya la mnyama asiyejulikana, meno yake yote yakiwa mahali pake. Akalipima, akalichora, akaeleza kwa nini ni jamii mpya. Profesa, aliyekuwa amejilaza hemani kwa sababu ya joto, alikuja akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akapiga magoti palepale alipokuwa shangazi, akachukua brashi yake na kumwita mpiga picha.

"Sogea kidogo, binti," akamwambia. "Unatia kivuli."

Wakati wa chakula akatangaza kwamba ugunduzi huo atauandika yeye. Shangazi aliomba jina lake liwekwe kando ya la profesa. Profesa akatabasamu kwa upole, akasema waandishi wawili humchanganya msomaji. Hata hivyo alitaka jina la Kiswahili, ili wenyeji wafurahi.

"Mngemwitaje mnyama kama huyu?"

Shangazi alimmiminia chai kwanza. "Mdokozi."

"Maana yake?"

"Ni yule anayefika jikoni chakula kikiwa tayari, bwana profesa. Hapiki, lakini hula."

"Mwerevu, basi."

"Sana."

Mzee Katana alipaliwa, na madereva wawili wakakumbuka ghafla kwamba wana kazi nje. Profesa aliomba atajiwe jina hilo herufi kwa herufi, na shangazi akamtajia bila haraka.

Hemani nililia. Mdokozi, kwetu, alikuwa paka, au mimi nilipokutwa na mkono ndani ya sufuria. Niliona shangazi ameuza mnyama wake kwa kicheko cha mezani. Nilimwuliza kwa nini hakupigana.

"Nyamaza, mwanangu," alisema. "Acha akachapishe."

Hakualikwa kambini tena. Alisomesha shule ya wasichana hadi alipofariki tarehe 2 Juni 1998, na ndiye aliyeniingiza darasa la kwanza Januari 1977, nikiwa na miaka kumi na miwili, katikati ya watoto walionifika kiwikoni.

Wiki ile ya mafundi, Arwa, binti wa madam aliyekuwa akisomea miamba chuoni Riyadh, alikuja nyumbani likizo. Nilimwuliza kama vitabu vyake vina mnyama wa jina hilo. Alimtafuta akampata: taya lilelile. Akanieleza kwamba jina likishachapishwa, halas, hakuna wa kulibadilisha, hata likiwa na kosa. Na kila linapoandikwa kikamilifu, hufuatiwa na jina la ukoo la aliyelichapisha.

Nikamwomba anisomee mstari wenye jina hilo kamili, kama ulivyo. Akasoma. Nikamwomba tena. Nilicheka hata madam akatoka jikoni.

Kanuni hizo shangazi alizijua tangu mezani. Alikuwa mwanasayansi, mimi nilikuwa mtoto niliyedhani kisasi lazima kipige kelele. Profesa amekwisha kufa, na bado katika kila maktaba inayoheshimika ameandikwa hivyo: Mdokozi, na mara baada yake jina la ukoo wake, kwa mkono wake mwenyewe. Mimi sitaliandika hapa. Lipo linapostahili kuwapo.